Chupa Tatu, Nagongera

Krismasi ile nilibeba chupa tatu kutoka Malaba,
nimezifunga kwa taulo kama watoto wachanga.
Mimi ni karani wa forodha. Wiski naijua kwa karatasi:
thamani, ushuru, kodi juu ya kodi,
muhuri, na sahihi yangu pembeni.
Kuionja, sijawahi. Nilikuwa mpishi wa harusi
anayelala na njaa.

Ya kwanza ni ile inayowekwa mezani siku ya posa,
lebo ikiwaelekea wakwe.
Ya pili ina kulungu, na umri: miaka kumi na miwili.
Ya tatu ilikaa ndani ya kasha la mbao, pamoja na kijitabu.
Laki sita na themanini, bei ya mnada.
Bei ya mabati kumi na tisa,
na jiko la mama bado ni la nyasi.

Shemeji Ochwo alinusa kizibo cha ile ya kasha, akafumba macho.
"Hii ndiyo wanayokunywa mawaziri."
Alilewa sifa kabla ya kinywaji.
Nikamimina katika vikombe vya plastiki nyuma ya pazia,
na Ochwo akaisifu ile ya wakwe, mara mbili,
kisha akaisukuma ile ya kasha: "Inanuka hospitali."

Mama alikuwa bado kimya.
Nyafwono, aliyenisomesha kwa pipa la lita mia mbili,
bomba la shaba na molasi ya Kakira,
aliyewakimbia askari wa gombolola na jerikeni kichwani
lisimwagike hata tone,
aliomba kijiko na kiberiti.
Ndivyo anavyopima: anamimina, anawasha,
anautazama mwali kama mtu anayesoma barua.

Ya kwanza: "Sukari iliyoungua. Mtu ameipaka rangi."
Ya pili aliimeza, akalamba meno.
"Haina kosa. Wala haina habari."
Ya tatu aliishika mdomoni muda mrefu,
kuku wa jirani akaingia, akatoka.
"Huu ni moshi wa dari ya mama yangu,
pale tulipotundika kambare."
Kisha akauliza bei. Nikamwambia.
"Aliyeipika yuko timamu," alisema.
"Mlevi ni yule aliyepanga bei."

Tulicheka hadi taa ikatikisika.
Lakini usiku aliniita nimsomee kijitabu.
Nikasoma: mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani,
ghala la baridi, miaka kumi na minane gizani,
na kila mwaka kinywaji hupungua kidogo;
wenyewe husema malaika wamechukua fungu lao.

"Kumi na minane," alisema.
"Mimi nilipika Jumatatu,
Alhamisi mwalimu mkuu yuko mlangoni.
Kungoja, mwanangu, ni kazi ya asiyedaiwa."

Nikazipitia fomu zangu zote kichwani.
Hakuna safu ya kungoja.

Wenzangu Malaba huniuliza: je, inastahili?
Nawajibu: kijiko kimoja, labda.
Kijiko kile kimoja tu.

Ochwo aliimaliza ya kulungu kabla ya Mwaka Mpya.
Mama akaiosha chupa,
akaijaza waragi yake, ile ya katikati
isiyo kichwa wala mkia,
akatumbukiza vijiti vya mvule alivyovibabua motoni,
akaziba kwa nta, akaisukuma chini ya kitanda.
Ana miaka sabini na mmoja.
"Kumi na miwili," alisema, "si mingi."

Pasaka nilirudi.
Nta ilikuwa mpya,
na chupa imepungua vidole vitatu.
Nikamtazama.
"Malaika," akasema,
na pumzi yake ilinukia mvule.