Nyekundu Nambari Arobaini

Baba alirudi kutoka zamu ya usiku
na theluji ikamsema.
Kutoka lango hadi ngazi za jikoni
nyayo zake zilikuwa waridi,
kisha waridi hafifu, kisha si kitu.
Mbwa wa jirani alizilamba.

Harlan Dykstra, mlinganisha rangi,
miaka thelathini na moja katika kiwanda cha nafaka
kando ya Mto Kalamazoo.
Kazi yake ilikuwa jicho.
Vijipete vikipita kwenye mkanda
aliviweka ubavuni mwa kigae cha mfano:
imepauka, ongeza.
Imekoza, punguza.
Ladha hakuna aliyemuuliza.

Mama alizifua kola zake peke yake,
mbali na shuka zetu,
na maji ya beseni yalikuwa ya sherehe.
Rangi ile ilitulipia nyumba.
Ilininunulia viatu vya barafu
na waya za kunyoosha meno.
Nasema hili mapema, mjue
siandiki kwa mikono myeupe.

Sasa nina Ansel, miaka sita.
Mwalimu hunipigia kabla ya saa nne:
amepanda juu ya meza,
amelia kwa sababu ya penseli,
hajui kwa nini amelia.
Usiku hugeuka kitandani kama samaki kwenye ndoo.
Nimeanza kusoma maboksi.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa,
nazisoma dukani kwa kioo cha kukuzia cha baba:
njano ya tano, buluu ya kwanza,
nyekundu nambari arobaini,
zimepangwa kama wafungwa, bila jina la kuzaliwa.
Hata dawa ya kikohozi.
Hata achari! Tango lilizaliwa kijani,
nani aliliambia halitoshi?
Kizuri chajiuza, sawa,
lakini hiki kimepakwa wanja na kusukumwa
hadi rafu ya chini, kimo cha macho ya mtoto.

Daktari Kowalczyk anasema huenda.
Kwa baadhi ya watoto, huenda.
Nimelibeba neno hilo hadi garini,
nikaligeuza mapajani.
Kweli, huenda: huenda huku, huenda kule,
haliketi nikaliuliza.
Kampuni nayo ina huenda yake,
imepigwa chapa kwa wino mzuri zaidi.

Jumapili Ansel alimfunga babu yake skafu machoni.
"Hii rangi gani?"
Baba akatafuna. Akatafuna tena.
"Nyekundu."
Ilikuwa kijani.
"Buluu."
Njano.
Mtoto alicheka hadi akateleza chini ya meza.
Baba hakuifungua skafu.
Alikaa vile, mikono juu ya kitambaa cha meza,
kisha akasema, si kwangu hasa:
"Sukari. Zote zilikuwa sukari."

Siku za mwizi ni arobaini, basi nazihesabu.
Nimetoa maboksi yote, natia alama
kwenye kalenda ya benki, pembeni mwa friji.
Leo ni ya kumi na tisa.
Juzi alilala hadi kulipokucha.
Jana alimng'ata Piet Hoekstra begani.
Sijui. Naandika yote mawili.

Asubuhi hii nimempa uji wa shayiri
wenye rangi ya shayiri.
Ameutazama muda mrefu.
"Mama, nani ameufuta?"

Baba, aliyekuja kuturudishia ngazi,
ameinama juu ya bakuli kwa mazoea,
jicho moja amelifumba.
Nimeuona mdomo wake ukijiandaa:
imepauka, onge—

Akavuta kiti.
Akaomba kijiko.