Mlango Unaotazama Kahe

Majirani wote hapa Kidia wamefungulia mlima milango yao.
Nyumba yetu imeupa Kibo kisogo.
Utotoni niliuliza kwa nini, nikaambiwa kula.
Safari hii nimekuja na simu iliyojaa chaji,
na daftari, na mvi mbili.

Mama anasema: upepo.
Ule wa Julai, unaoshuka na barafu mgongoni,
ungeingia ndani ukazima moto.
Anasema huku anamenya ndizi za mtori.
Nikija kusikiliza rekodi usiku,
kisu kinaongea kuliko yeye.

Baba mdogo Aminieli anacheka hadi anakohoa.
Upepo! Mwulize vizuri mama yako.
Babu na kaka yake waligombea zamu ya mfongo,
maji ya Jumanne.
Kahawa ya mmoja ikanywa, ya mwenzake ikakauka na maua yake.
Kaka mtu alibaki juu. Babu akajenga hapa chini,
akaapa hataamka aone moshi wa jiko lile.
Isale ililetwa kuomba radhi, mara mbili.
Mara ya pili mbuzi waliila.

Shangazi Apaikunda anaipigia simu kelele
kana kwamba ina uziwi.
ANDIKA KISAMO. Mdogo wake wa mwisho,
aliyeteremka siku ya gulio akapanda treni
kwenda kukata mkonge Korogwe.
Alisema, narudi kahawa ikiiva.
Shangazi anahesabu mavuno kwa vidole,
vidole vinakwisha, anavikunja.
Ndiyo maana mlango unatazama Kahe,
kule reli inakopinda.
Mtu akitokea, aonekane angali mdogo kama siafu.

Bibi Mkunde tulidhani amelala.
Fundi alikuwa amelewa, akasema,
macho bado yamefumba.
Mbege ya msiba wa jirani. Akachimba msingi kinyumenyume.
Eliamringi aliona haya kubomoa.
Basi kila aliyemwuliza,
alimpa sababu ya kumtosha.

Hakuna aliyecheka kwa muda.
Halafu tukacheka wote, isipokuwa mama,
aliyekwenda kutazama chungu kisichohitaji kutazamwa.

Jioni nimekaa kizingitini.
Taa za Moshi zinaanza upande wa stesheni,
zinatambaa kuelekea mashamba ya miwa.
Mama anakuja na khanga ya pili,
ananisogeza kwa nyonga kama anavyosogeza gunia.
Zima hiyo, anasema.
Nazima.
Anasubiri hadi kioo kiwe cheusi kabisa,
ndipo anasema, kwa Kichaga,
maneno yasiyojaza hata mstari mmoja.
Daftari lilikuwa pajani. Kalamu ilikuwa mkononi.
Sikuandika. Hapa pia siandiki.

Asubuhi nilishuka na begi, mkungu wa ndizi,
na chupa ya maziwa iliyofungwa kwa jani.
Kwenye kona ya kanisa niligeuka.
Nyumba za watu zilikuwa zimetazama mlima wao.
Yetu peke yake,
mlango wazi, mama ndani yake,
ilinisindikiza.