Shingo ya Mtufaha

Mwaka wa kwanza nilikumwagia maji
kama mtu aliyekulia Dodoma,
ambako kila ndoo ina hesabu yake
na kuunyima mche maji ni dhambi ya mchana kweupe.
Nani angeniambia kwamba hapa Rochdale
mvua haihitaji msaidizi?

Katikati ya Juni ukaanza kugeuka njano,
mishipa tu ya majani imebaki kijani,
kama ramani ya mito niliyoichora darasa la tano.
Nikasema: ni njaa. Nikakulisha samadi.
Nikasema: ni baridi. Nikakurundikia udongo na maganda ya mbao
hadi shingoni, vile ninavyomfunika Nyemo
hita inapozimika usiku.
Wakaja vidukari, na sisimizi wachungaji wao.
Nikawapulizia maji ya sabuni ya vyombo.
Wao walikufa.
Wewe hukupona.

Bwana Entwistle wa nyumba ya pili,
dereva wa treni mstaafu, hakunipa pole.
Alipiga goti moja (la pili ni la chuma, halikunji),
akafukua kwa vidole, polepole,
mpaka pakaonekana pale shina linapotanuka
na kuanza kuwa mizizi.
“Hapa pasifunikwe,” akasema. “Mti unapumulia hapa.”
Gome lilikuwa jeusi, teketeke,
linanuka kama kisima kilichosahauliwa.

Kisha vidole vyake vikasimama.
Waya.
Waya mwembamba wa lebo ya dukani,
bei bado inasomeka, pauni kumi na mbili,
umezama ndani ya nyama yako miaka miwili
na mimi nikipita hapo kila jioni na ndoo yangu.

Aliukata kwa koleo ndogo. Ulilia ti!
Hakuna aliyesema kitu.
Nilikwenda kuchemsha chai
nikasahau kuweka majani.

Usiku ule nilimshusha Nyemo blanketi
kidogo, mpaka mabegani.
Akageuka upande, akaendelea kulala.

Mwaka huu umezaa matatu.
Moja lina ukoko kama goti la mtoto;
tulilimenya, tukalila.
Kovu la waya lipo, pete isiyovulika,
na juu yake shina limenenepa bila kuomba ruhusa.
Ndoo nimeifudikiza karibu na uzio.
Paka wa Entwistle ameifanya kiti,
na mvua, kama kawaida,
inakuja bila kuitwa.