Nukta Mia Mbili Hamsini na Sita

Mchezo ulinijia na mawe ya kwao,
udongo wa kahawia, kama chai iliyozidishwa maziwa,
majani mabichi yasiyojua kiangazi,
miti myeupe ya magome yaliyochanika
ambayo Arua nzima hakuna aliyewahi kuichanja kuni.

Nikafungua faili la udongo.
Kumi na sita kwa kumi na sita:
nukta mia mbili hamsini na sita,
shamba dogo kuliko ukucha wa mtoto,
nikaanza kulilima kwa kipanya kilichofungwa gundi.

Wekundu wa barabara ya Mvara haupatikani mara moja.
Jaribio la kwanza likawa nyanya.
La pili, kutu ya bati.
La tatu nilitoka nje kulitafuta, mvua ilipoanuka,
nikashika bonge mkono wa kushoto,
wa kulia ukichanganya rangi,
mpaka baobonye ikala matope
na Drani, mwenye kompyuta,
akanidai shilingi elfu tano za usafi.

Kazi hii ina sheria moja ngumu:
ukingo wa kushoto sharti ujuane na wa kulia,
juu kukubaliane na chini,
la sivyo, ukilaza vipande elfu ubavu kwa ubavu,
mshono utaonekana kama kiraka kwenye suruali ya shule.
Na doa moja liking'aa kupita wenzake
hurudi, hurudi, hurudi,
kilima kizima kikapata tetekuwanga.

Nilipofika kwenye tofali nilijivuna.
Tofali nalijua. Ada yangu ya shule
ilitoka kwenye tanuri la shangazi Letaru
kule bondeni kwa mto Enyau.
Nikamwita aje aone.
Akaja na udongo wake miguuni, akainama,
miwani hana, akasogea
mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hili halijaiva," akasema.
"Lilikaa pembeni mwa tanuri.
Lijengee, mvua mbili tu linarudi kuwa tope."

Nikaongeza wekundu.
"Sasa umeliunguza."
Nikarudi nyuma kidogo, kidogo tena.
Akanyamaza.
Kwa Letaru, kunyamaza ni kufaulu mtihani.
Kisha: "Na kidole changu kiko wapi?"

Maana kila tofali lake lina kishimo, kona ya chini,
anapolisukuma kwa gumba ligome kung'ang'ania kalibu.
Nukta tatu: moja ya kivuli,
mbili za weusi uliochujuka.
Nikaziweka. Nikajenga ukuta.
Gumba lake likatapakaa safu kwa safu,
ukuta ukawa karatasi ya posho,
watu wote wametia dole, hakuna ajuaye kuandika.
Nikazifuta,
nikaona aibu kana kwamba nimefuta jina.

Umeme ukakatika saa mbili usiku.
Gizani ndipo nilipopata dawa:
matofali matano, si moja.
Manne yanyamaze,
la tano libebe gumba,
na mchezo wenyewe uchague, kwa bahati nasibu,
pa kulipanga.

Sasa kifurushi kiko nje.
Kimepakuliwa mara arobaini na moja
(tisa ni mimi, nikihakikisha).
Kondoo bado sijampaka. Theluji naiogopa,
sijui inachafuka vipi.
Na mtu mmoja wa Soroti, simjui, ameandika:
kuna kosa kwenye tofali lenu,
kona ya chini, kama kitu kimebonyea.
Rekebisheni.

Nimemsomea Letaru.
Amecheka mpaka akakaa chini.
"Mwambie aweke dole lake hapo," akasema,
"aone kama linaenea."