Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Tetri ishirini mdomoni, ndipo huamka,
hukohoa, hujitikisa, hupanda
kama mzee aliyeahidiwa chai.
Sisi wa ghorofa ya nane, hapa Tbilisi,
tumeilisha miaka na miaka.

Nami nina magoti mawili,
la kulia jeuri, la kushoto mwigaji.
Miaka arobaini niliyalaza sakafuni
nikitia viraka mazulia ya watu,
uzi kwa uzi, wekundu wa komamanga juu ya wekundu uliofifia.
Zulia huliwa na nyayo palepale zinapopenda kupita.
Kwa hiyo daktari aliponionyesha picha
nilimtangulia: "Hapa najua. Uzi umekwisha,
umebaki mtande."
Akacheka, akasema naam, gegedu limelika,
mfupa sasa unachungulia kwa jirani,
na fundi wa kulifuma upya hajazaliwa.

Nikarudi nyumbani, nikakaa.
Nilikaa kama kinyago.
Vazha akaniletea maji, gazeti, mkate wa jibini,
siagi juu yake, "kwa ajili ya mifupa,"
nami nikala kwa ajili ya dirisha na theluji.
Hadi miti inachipua nilikuwa na kilo saba zaidi,
na magoti, yaliyopumzishwa kama wageni,
yalilia kuliko yalipokuwa watumwa.

Tekle ana umri wa mjukuu wangu
na viatu vya kijani vinavyoumiza macho.
Kaa kitini. Simama, mikono kifuani. Kaa.
Mara kumi.
Nilifika tatu, nikamtukania ukoo mzima kimoyomoyo.
"Goti ni bawaba tu," akasema, "paja ndiyo mwimo.
Mwimo ukilegea, mlango wote unaning'inia."
Yakiuma kiasi, endelea.
Yakiuma hadi kesho yake, punguza.
Usiache, bibi. Punguza.

Dawa ya moto ni moto: nani angedhani
methali hiyo ilikuwa inazungumzia miguu?

Nilipokataa siagi Vazha alinuna siku mbili
kana kwamba nimedai talaka.
Siku ya tatu akachonga fimbo ya mjozi,
akanipa mkono wa kulia.
Nikamwambia, goti bovu la kulia, fimbo kushoto.
"Kinyumenyume?" Kinyumenyume.
Akaitazama fimbo, akanitazama mimi,
akaenda kuchemsha maharage.

Basi jioni moja ya Novemba
nilipapasa mfuko mbele ya lifti: kifungo cha koti,
risiti, ganda la jozi. Sarafu hakuna.
Ngazi zilikuwa pale, zimekaa tu, hazina haraka.
Mguu mzima ukatangulia, mbovu ukafuata.
Ghorofa ya pili, harufu ya kitunguu.
Ya nne, mtoto wa Lamzira akinyonga fidla yake.
Ya tano niliketi kwenye ngazi,
nikalisikia goti likisaga kama kinu kisicho na mahindi.
Nikalisugua. Nikaliambia maneno
ambayo Vazha hajawahi kuambiwa.
Ya sita. Ya saba. Hapo sikumbuki kitu.

Vazha alifungua mlango na mwiko mkononi.
Akachungulia nyuma yangu, koridoni,
kama anayemtafuta aliyenibeba.
"Sikuisikia lifti," akasema.

Sijapona. Hili andikeni.
Yaliyokwisha yamekwisha, na yaliyobaki
nayatumia kwa kipimo, kama uzi wa rangi adimu.
Chupa ya jemu dirishani ina sarafu nyingi kidogo;
zimepita mikono mingi, nazo nyuso zimelika.
Leo mvua. Goti lilijua kabla ya redio.
Leo nachota moja, nalisha mdomo wa chuma,
napanda nikiwa nimesimama wima,
na sioni haya.