Koti

Shimo lao ni la mita mbili, nyuma ya stoo ya shule,
hapa Kaliua, pale reli inapogawanyika:
mkono mmoja Mpanda, mmoja Kigoma.
Ndani wameweka kitu kama sufuria iliyozibwa,
juu yake mabati, juu ya mabati mchanga,
juu ya mchanga mbuzi wa Mwalimu Mihambo,
asiyejua kwamba kila kwato lake linaandikwa.

Fundi Gwasa alikuja na boksi la nyaya.
"Mama Kalunde, kazi yako ni mbili:
betri isife, sola isiibwe."
Nikamuuliza, hiki kinasikiliza nini?
Akasema: koti.

Nikacheka. Koti ninalolijua mimi
limetundikwa msumarini nyuma ya mlango wangu,
buluu iliyopauka, vifungo viwili vimebaki,
la baba, mtu wa gangi, reli ya kati,
aliyelaza sikio kwenye chuma alfajiri
na kusema, "Imeshakata kona,"
kabla honi haijalia.

Gwasa akachora chini kwa kijiti.
Juu kabisa ganda, jembamba, letu sisi
na tumbaku yetu na makaburi yetu.
Chini ya ganda, koti la dunia:
mwamba wa moto, mgumu, na bado unatambaa
kwa mwendo wa ukucha unapoota.
"Nani alifika huko?"
"Hakuna. Hata kuchungulia."
"Basi mnajuaje?"
"Kwa hodi."

Ardhi ikikatika ng'ambo, Tonga au Chile,
hodi inapigwa,
nayo hupita chumba kwa chumba mpaka kizingiti chetu.
Wimbi la kwanza husukuma,
kama foleni ya sukari mtu wa nyuma akiegemea.
La pili huyumba kando,
kama kamba ya kuanikia nguo.
Penye mwamba mkongwe uliopoa, kama huu wa Unyamwezi,
hodi hukimbia.
Penye joto hujikokota.
Ndiyo maana kule magharibi, kuelekea ziwani,
nchi inakopasuka polepole,
mawimbi yaleyale hufika yamechoka.
"Sekunde mbili," akasema, "mbili tu.
Lakini mchelewaji huulizwa alikopita."

Juzi kaniletea karatasi za mwezi mzima.
Nikaona gwaride la Jumatatu.
Nikaona treni, imenenepa kama chatu aliyeshiba.
Nikaona Kidato cha Pili walivyoruka wote kwa pamoja
wakitaka tetemeko lao wenyewe
(lilitoka dogo, kama kikohozi).
Nikaona Nyanzala akitwanga, tu, tu, tu,
akapumzika, pengine kumfunga mtoto mgongoni,
tu, tu.
Kisha usiku wa tarehe kumi na moja, saa tisa,
hata mbwa wamelala,
mstari ukaanza kutetemeka, na haukuacha
kwa muda wa wali kuiva.
Kimya kingi kina mshindo, walisema.
Hawakusema kwamba unaandikika.
Nami nilikuwa juu yake, nimelala fofofo.

Baba alikuwa akichelewa kutoka Kigoma.
Siku moja, siku mbili. Mwaka ule wa mafuriko, wiki tatu.
Mama hakuuliza, wala hakutia mkono
kwenye mfuko wa koti lile hata mara moja.
Aliinamisha kichwa tu, akaacha kuchagua mchele,
akasikiliza hatua zikitoka njiani:
hizi za mshahara,
hizi za pombe,
hizi, mwenzao kakatwa na kiberenge, msimsemeshe.
Usiku wa zile wiki tatu alisikiliza muda mrefu.
Akasema, "Kapita kwenye moto,"
akaenda kumwekea maji ya kuoga.

Leo nimelipangusa vumbi koti, nikalirudisha msumarini.
Mfukoni kuna kitu kigumu, kidogo.
Sikukitoa.
Nikaenda kutazama betri; inapumua.
Nilipokaribia shimo
nilivua kandambili.