Kishikwambi

Laki moja na arobaini, bila risiti.
Kava la bluu likaja bure, kama nyanya ya nyongeza.
Kijana wa duka akaapa: "Mama, hiki hakikwami."
Kikakwama nikiwa bado mlangoni pake.

Nyumbani, Kiborloni, nikakifungua, nikakuta wapangaji:
michezo ya magari, dira, redio isiyoshika kituo.
Wamehamia kabla yangu, kodi hawalipi,
na kuwafukuza siruhusiwi.

Kinasema ni saa saba asubuhi.
Jogoo wa Elinaike anasema saa moja.
Namwamini jogoo.

Nikaandika jina langu, Ndewingia.
Kikalichorea mstari mwekundu
kama mwalimu wa darasa la nne,
kikauliza: Ndege? Ndani? India?
Nikigusa "Hapana", hakisikii;
miaka ishirini ya kumenya ndizi
imeniotesha gamba kidoleni.

Jioni mlima ukavua mawingu.
Nikaupiga picha: uji wa ulezi
na doa la maziwa juu.
Sijaifuta.

Usiku nikaanza kuhamishia humo madeni ya kikundi:
Aikande thelathini elfu,
Kundaeli nane, anayesema kila Jumamosi "kesho" —
asilimia kumi na nne,
asilimia tatu,
giza.
Na umeme nao ulishakatika tangu magharibi.

Nikavuta daftari la kaunta chini ya mto,
nikawasha koroboi, nikalamba ncha ya kalamu.
Kundaeli, elfu nane.
Kishikwambi, laki na arobaini.
Safu ileile,
ya wadaiwa.